Jumamosi ya Fernande

Mwezi wa tano Clovis Pelletier alirudi kwenye kibanda namba nne na sanduku moja la nguo. Miaka kumi na mmoja walikuwa wakija na masanduku mawili, lake na la mkewe, Fernande. Fernande alifariki mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika madirishani. Ilibidi wangoje mpaka mwezi wa nne, udongo ulainike, ndipo wamzike.

Kibanda hakikuwa chao. Kilikuwa cha Hifadhi ya Tarbell, huko New Hampshire. Hifadhi humpa mwelimishaji wake mahali pa kulala kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, naye huwatembeza wageni na kuwafundisha habari za miti, ndege na wanyama. Ukitumika, unakaa. Usipotumika, unafungasha. Miaka yote hiyo mwelimishaji alikuwa Fernande. Clovis alikuwa mume wa mwelimishaji. Shule aliiacha mapema, akashona viatu kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa. Pale hifadhini kazi yake ilikuwa kurekebisha ngazi za njiani na kumbebea mkewe kisanduku.

Kisanduku kilikuwa na ngozi ya biva, fuvu lenye meno ya rangi ya chungwa, na kipande cha mti kilichotafunwa. Biva ni yule mnyama wa majini anayeangusha miti kwa meno na kuziba kijito kwa tope na matawi mpaka kijito kinakuwa bwawa. Kila Jumamosi saa kumi na mbili, jua la kiangazi likiwa bado juu ya misonobari, Fernande aliwapeleka watu bwawani kuwatazama biva wakitoka nyumbani kwao. Watu walimpenda. Clovis alikaa nyuma kabisa na kidude cha kuhesabia, kile unachobonyeza kwa kidole gumba namba ikapanda. Sheria ilikuwa moja: mfanyakazi hahesabiwi, wala mume wa mfanyakazi.

Kulikuwa na jambo ambalo Clovis hakumwambia mtu. Alikuwa akiwaonea wivu wale watu. Fernande aliwapa sauti yake yote. Aliwauliza, "Unaona nini?" Wakijibu, akauliza, "Nini kingine?" Aliwasubiri kama mtu mwenye siku nzima. Akirudi kibandani sauti imekwisha, anakunywa chai kimya, anamshika Clovis bega, analala. Yeye aliletewa makapi. Miaka kumi na mmoja hakuulizwa hata mara moja alikuwa anaona nini kule nyuma.

Gordon Leavitt, mkuu wa hifadhi, mtu mrefu anayeongea akitazama viatu vyake, ndiye aliyemwita siku ya mazishi.

"Njoo wewe, Clovis, ushike nafasi yake. Yale maneno umeyasikia mara mia."

"Kusikia na kusema ni vitu viwili."

"Jaribu. Ila nikuambie ukweli. Kibanda namba tano kinabomolewa vuli hii, sakafu imeoza. Mwakani nitakuwa na kibanda kimoja na mwelimishaji mmoja. Nitaangalia kiangazi kinakwendaje."

Kibandani namba nne kulikuwa na ndoano mbili za makoti alizozipigilia Clovis, moja chini kwa sababu Fernande alikuwa mfupi. Kulikuwa na kikombe chake. Clovis hakuwa na haja ya kingine duniani, ila alale mle kila kiangazi mpaka na yeye azikwe.

Kibandani namba tano, kwa huo msimu wake wa mwisho, akaja Tess Okerlund. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, ametoka Ohio na shahada ya chuo na nywele za mikia miwili. Alipiga hodi siku ya kwanza na bakuli la supu ya mahindi.

"Bwana Pelletier, nimesikia habari za mke wako. Pole sana. Wanasema alikuwa hodari kuliko wote."

"Alikuwa," Clovis akasema, akaipokea supu. Ilikuwa supu nzuri. Hilo nalo lilimuudhi.

Jumamosi ya kwanza walikuja watu tisa. Clovis alisimama mbele yao kando ya bwawa, kofia mkononi.

"Biva hujenga," akasema. "Maji yakivuja, hupiga tope. Meno yake hayaachi kuota. Anakula magome. Nyumba ni ile pale." Akatafuta la kuongeza, hakuliona. "Ndiyo hivyo. Kuna swali?"

Hakukuwa na swali. Biva walitoka, wakaogelea, watu wakapiga picha, wakaenda zao.

Eunice Rideout alibaki. Alikuwa rafiki wa Fernande, mjane wa siku nyingi, na kila kiangazi aliegesha gari lake la kulala mahali pale pale chini ya hifadhi. Matembezi yote aliyahudhuria na kiti cha kukunja kwapani.

"Clovis, nilikuwa nakusikiliza nikasema, huyu anatangaza treni."

"Nimesema yote."

"Umesema yote kwa dakika nne! Fernande dakika nne zilikuwa zinakwisha hajatoa hata fuvu kisandukuni."

"Mimi si Fernande."

"Hilo tumeliona sote, mwenzangu."

Jumamosi ya pili walikuwa sita. Ya tatu, wanne, mmoja wao amelala. Tess yeye alipewa Jumatano, mazungumzo ya vyura. Ishirini na wawili. Thelathini na mmoja. Arobaini na saba. Namba ziliandikwa kwa chaki ukutani ofisini, jina lake upande huu, la Clovis upande ule, na kila asubuhi Clovis alipokwenda kuchukua funguo za banda la zana ilimbidi apite mbele ya ukuta ule. Alijifunza kupita akitazama sakafu kama Leavitt.

Jumatano moja, akitengeneza ngazi, alisikia kicheko cha watu upande wa bwawa dogo la vyura. Akachungulia kwenye miti. Akakiona kile kiti cha kukunja, safu ya mbele.

Kesho yake akakutana na Eunice kwenye bomba la maji.

"Umehamia huko," akamwambia.

"Sijahamia. Nilikwenda kuchungulia tu."

"Na kiti?"

"Sasa nichungulie nimesimama, na magoti haya?" Eunice akafunga bomba. "Usininunie, Clovis. Yule mtoto anawauliza watu. Hata mimi kaniuliza. Miaka sabini na sita nimewasikia vyura, jana ndiyo nimejua ni wa aina mbili."

Lakini lililomchoma hasa lilikuwa la kisanduku. Alikwenda ofisini siku ya mvua akamkuta Tess amekifungua mezani. Amejitupia ngozi ya biva mabegani kama mtandio, na mkononi ana daftari dogo la jalada la kijani. Clovis alilijua. Fernande aliliweka chini ya fuvu, maandishi yake ya penseli, madogo, yamelala upande.

"Bwana Pelletier! Ulijua hili limo humu? Ni maswali. Maswali matupu, kurasa na kurasa. Hakuna jibu hata moja."

"Weka," Clovis akasema.

"Bwana Leavitt kaniambia naweza..."

"Sawa. Ni mali ya hifadhi."

Akatoka na mvua ile. Yeye hakuwahi kulisoma lile daftari. Kusoma kulimpa shida, na Fernande alikuwa akimsomea gazeti. Sasa maneno ya mkewe yalikuwa kichwani mwa msichana wa Ohio, na yeye mume hakuwa nayo. Kijiba cha roho kilichomwingia siku ile hakikutoka tena. Akisikia wimbo wa Tess akianika nguo, kinapanda. Akila maharage yake ya Jumamosi aliyoyapika chunguni kwa sharubati ya utomvu wa mti kama Fernande alivyopika, kinakaa kooni pamoja na maharage.

Katikati ya mwezi wa saba Leavitt alimwita, akaongea na viatu vyake.

"Jumamosi hii atachukua Tess. Mara moja tu, tuone. Wewe utambebea kisanduku."

"Nimezoea kubeba," Clovis akasema.

Sasa, waelimishaji wa Tarbell wana desturi yao moja wanayoishika kuliko zote. Huwapeleki watu mahali ambapo hujapita mwenyewe siku hiyo hiyo. Jana si leo. Mti huanguka usiku, nyigu hujenga chini ya ngazi, ndege huhama. Fernande hakuwahi kukosa kupita njia Jumamosi mchana, hata akiwa na homa.

Na Clovis, kwa ajili ya bwawa, alipita kila siku. Ndiyo maana alijua jambo ambalo hakuna aliyelijua. Biva walikuwa wamehama. Tangu wiki iliyotangulia hakukuwa na tope bichi kwenye ukuta wa bwawa. Maji yalivuja kwa sauti ndogo upande wa kushoto na hakuna aliyeziba. Matawi waliyoyamenya yalikuwa yamekauka, yamekuwa ya kijivu. Miti laini ya karibu walikuwa wameimaliza. Clovis alifuata kijito kwenda juu, akavuka tuta la reli ya zamani, akawakuta wanajenga upya. Alikaa kwenye jiwe akawatazama mpaka miguu ikafa ganzi. Walikuwa wake peke yake. Hakumwambia mtu.

Jumamosi ile mchana lilifika basi la watoto wa kanisa bila taarifa. Tess alikuwa peke yake nao, arobaini kwa mpigo. Akamkimbilia Clovis kwenye banda la zana, jasho linamtoka.

"Bwana Pelletier, siwezi kuondoka hapa. Ungenipitia njia? Tafadhali. Nikikutuma wewe ni kama nimepita mwenyewe."

Clovis akamtazama. Akachukua fimbo, akapita. Ngazi zilikuwa nzima, nyigu hawapo. Kwenye bwawa alisimama kitambo. Kimya. Maji yanavuja. Akarudi.

"Vipi?"

"Njia safi."

"Na biva?"

"Wapo," Clovis akasema.

Saa kumi na mbili walikuja watu sitini na watatu. Clovis aliwahesabu mwenyewe wakipita, kidole gumba kikiuma. Hata siku za Fernande hawakuwahi kufika sitini. Leavitt naye alikuja, akakaa pembeni. Eunice alikuwa mbele na kiti chake.

Tess akawaketisha kwenye majani. Akanong'ona kwamba wenyeji watatoka punde. Watu wakanyamaza. Dakika tano. Dakika kumi. Mtu akapiga mbu shingoni. Dakika kumi na tano. Baba mmoja akaangalia saa. Clovis, nyuma, amekumbatia kisanduku, alisikia utamu ukimpanda kutoka tumboni, utamu mbaya ambao alijua ni mbaya na akauacha upande.

Tess aligeuka akamtafuta kwa macho. Clovis akatazama juu ya misonobari.

Kisha msichana akainuka. Akashuka mpaka kwenye ukuta wa bwawa, akachota tope kwa kiganja. Likavunjika kama mkate mkavu. Akasimama pale na lile vumbi mkononi. Clovis akangoja alie, au aombe radhi, aseme kuna kosa limefanyika.

"Haya," Tess akasema, kwa sauti ya kawaida. "Njooni karibu. Unaona nini?"

Watu wakainuka kwenye majani.

"Naona nyumba haina mtu," Eunice akasema.

"Umejuaje, Bi Rideout?"

"Nimekaa kwenye moja miaka kumi na minane. Naijua."

Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka.

"Nini kingine?" Tess akauliza.

Mama mmoja akaona matawi ya kijivu. Mwingine akasikia maji yanavuja, wakanyamaza wote wasikilize. Yule baba mwenye saa akaona visiki vyote vya karibu ni vya zamani. Wakawa wanasogea, wanainama, wanaitana waone hiki na kile. Nusu saa nzima walizunguka nyumba tupu kama watu waliofika msibani wakapewa kazi ya kufanya. Tess hakuwaambia kitu. Aliuliza tu. Unaona nini? Nini kingine? Na alisubiri vile vile, kama mtu mwenye siku nzima.

Clovis alisimama na kisanduku. Maneno yale yalikuwa ya mkewe, yanatoka kinywa kingine, na watu walikuwa na nyuso zile zile walizomtazama nazo Fernande.

Njiani kurudi Tess alimsubiri kwenye ngazi.

"Ulipita leo mchana?"

"Nilipita."

"Ukaona?"

"Niliona."

Hakumtukana. Alinyoosha mikono, akachukua kisanduku, akakibeba mwenyewe. Miaka kumi na mmoja na kiangazi kimoja, ilikuwa mara ya kwanza Clovis kupanda ngazi zile mikono mitupu. Hakujua aiweke wapi.

Asubuhi Leavitt aliwaita wote wawili ofisini. Mgeni mmoja alikuwa ameacha karatasi: tuliahidiwa biva, hapakuwa na biva.

"Watu wengine wamefurahi," Leavitt akasema. "Mimi mwenyewe nilifurahi. Lakini desturi ni desturi. Nani alipita njia?"

"Mimi," Tess akasema. "Nilikuwa na haraka. Niliangalia vibaya."

Clovis akageuka kumtazama. Alikuwa amesimama wima, mikia yake miwili ya nywele, uso mweupe, anachukua kosa ambalo si lake. Leavitt alikuwa anatikisa kichwa polepole, na usoni mwake hakukuwa na hasira hata chembe. Alikuwa anamheshimu. Clovis akaona itakavyokuwa. Jumamosi yake. Daftari lake. Watu sitini na watatu. Na sasa hata ubaya aliofanya Clovis, huyu anauchukua, anaugeuza kuwa wema wake. Hapana. Hili halipati.

"Mwongo huyo," Clovis akasema.

"Bwana Pelletier, acha..."

"Wewe nyamaza, binti. Nilipita mimi, Gordon. Alinituma kwa sababu ya lile basi. Niliona wamehama, nikamwambia wapo. Nilijua wiki nzima."

Leavitt aliacha kutazama viatu. "Kwa nini, Clovis?"

"Unajua kwa nini."

Nje mtu alikuwa anachanja kuni. Leavitt akakunja ile karatasi mara mbili, mara nne, ikawa ndogo kama stempu.

"Mtu akisema njia safi," akasema mwishowe, "nawapeleka watoto wa watu kwenye njia hiyo. Siwezi kukupa mwakani. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Maliza msimu. Kibanda ni chako mpaka mwezi wa tisa."

Siku mbili Clovis hakutoka kibandani. Siku ya tatu asubuhi Tess alipiga hodi, hana supu.

"Wako wapi?" akauliza.

Clovis alikuwa ameshika kikombe cha Fernande. Akakitundika. Angeweza kusema hajui. Walikuwa ndio kitu pekee kilichobaki kuwa chake. Akachukua fimbo.

Walipanda na kijito, wakavuka tuta la reli. Kwenye lile jiwe Clovis akaonyesha kwa kidevu. Ukuta mpya, mweusi, unang'aa. Biva mkubwa alikuwa anasukuma tope kwa kifua.

Tess alikaa. Baada ya muda mrefu akasema, polepole, macho yake bado majini:

"Unaona nini?"

Clovis alidhani anadhihakiwa. Akamtazama. Hakuwa anadhihaki. Alikuwa anasubiri.

"Tope bichi," akasema.

"Nini kingine?"

"Huyo mkubwa anachechemea. Mguu wa nyuma wa kulia. Tangu mwaka juzi." Tess akasubiri. "Hupenda kuanzia upande wa kushoto. Hata kule chini alianzia kushoto. Akimaliza hugonga mara moja kwa mkia, si kwa hatari, ni desturi yake tu, nadhani. Na huyo mdogo ukimwangalia..."

Jua lilifika juu ya miti wakiwa bado pale. Clovis aliongea hadi sauti ikakwaruza. Walipoinuka koo lilikuwa kavu na hakutaka kusema na mtu tena siku ile, alitaka chai tu. Akasimama katikati ya njia na fimbo yake. Kumbe ndivyo ilivyokuwa kwa Fernande. Tess alimuuliza kama anaumwa, akasema hapana.

Mwezi wa tisa alifungasha. Zile ndoano mbili aliziacha ukutani.

Mwaka uliofuata, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, alikuja na basi kutoka mjini, amebeba kiti cha kukunja. Eunice alisogeza chake.

"Umechelewa. Nimekuwekea nafasi kama bibi harusi."

"Umeninyanyasa miaka kumi na miwili, na bado."

Tess alitoka kibanda namba nne amebeba kisanduku. Ulikuwa pale pale, ule wivu wa Clovis, kama jino bovu ambalo umelizoea. Msichana akamjia moja kwa moja, akampa kile kidude cha kuhesabia.

"Nisaidie, Clovis. Sina mtu wa nyuma."

Akakaa nyuma. Watu wakapita, na kidole gumba kikabonyeza. Thelathini na nane. Eunice alikuwa wa thelathini na tisa, amesimama kurekebisha soksi.

Tess akaanza kupanda kuelekea tuta la reli. Clovis alitazama kile kidude. Akafikiri kidogo. Yeye sasa hakuwa mfanyakazi, wala mume wa mfanyakazi.

Akabonyeza mara moja zaidi, akawafuata.